Chombo cha kuwashia fayawoli ya Linux kwenye kompyuta ya zamani: kisa cha shule moja ya Kadutu, Bukavu

Kisa hiki kinahusu shule ya sekondari iliyoko komini ya Kadutu, mjini Bukavu. Shule ina chumba kimoja cha kompyuta, ofisi ya prefe (mkuu wa shule), ofisi ya ekonomu (mtunza fedha), na laini moja ya intaneti inayoingia kwa antena iliyofungwa juu ya paa. Kabla ya kazi inayoelezwa hapa, mashine zote zilikuwa kwenye swichi moja (kifaa kinachounganisha kompyuta), kwa hiyo mwanafunzi aliyeketi nyuma kabisa ya darasa aliweza kuifikia kompyuta ya ekonomu yenye orodha za minervali (karo) kwa urahisi uleule aliofikia nao printa. Prefe aliomba mambo mawili: ofisi zitenganishwe na chumba cha wanafunzi, na njia ya kuingilia kutoka nje ifungwe. Pesa ya kununua kifaa kipya haikuwepo. Kilichokuwepo ni kompyuta ya Pentium 4 iliyolala depo kwa muda mrefu, na swali lililobaki ni mfumo wa Linux utakaoigeuza kuwa fayawoli (mlinzi wa mtandao anayeamua kipi kipite na kipi kizuiwe) uwekwe juu ya chombo gani: diski kuu, CD, flashi ya USB au kadi ya kumbukumbu.

Mafundi wengi hulipita swali hili haraka. Hufungua sanduku, hukuta diski ndani, husakinisha juu yake, kisha fikra zao zote huenda kwenye sheria za kuruhusu na kuzuia. Mimi naamini kwamba, penye umeme kama wetu, uamuzi wa chombo ni mzito kuliko uchaguzi wa programu ya fayawoli yenyewe. Sheria iliyokosewa husahihishwa siku hiyohiyo. Lakini mashine isiyowaka asubuhi, ilhali fundi yuko Uvira kwa kazi nyingine, huwaacha watu wote bila intaneti, na kabla ya saa sita mchana kuna mtu atakayeing'oa kebo na kuirudisha antena moja kwa moja kwenye swichi. Intaneti itarudi, kila mtu atafurahi, na ulinzi utakuwa umekwisha bila mtu yeyote kuamua kuuondoa. Fayawoli isiyojiwasha yenyewe huishia kurukwa.

Kompyuta yenyewe ilikuwa na prosesa ya GHz 1.8, RAM ya MB 512, na ubao mama wenye chipu za Intel 845 pamoja na ICH2. Ilikuwa na diski ya IDE (njia ya zamani ya kuunganisha diski) ya GB 40, kiendeshi cha CD, kiendeshi cha flopi, kadi ya mtandao iliyo kwenye ubao, na nafasi za PCI zilizoongezewa kadi mbili za Realtek 8139. Kadi tatu za mtandao ndizo zilizohitajika: moja ya antena, moja ya ofisi, moja ya darasa. Kwa kazi hiyo nguvu yake inazidi kabisa mahitaji, kwa sababu laini ya intaneti ya shule ni ya megabiti chache tu kwa sekunde.

Umeme wa Bukavu hutoka kwenye mabwawa ya mto Ruzizi, na delestaji (umeme kukatwa kwa zamu) ni sehemu ya maisha ya kila mtaa. Kinachoumiza mashine zaidi ya kukatika kwenyewe ni namna umeme unavyorudi: huja, huondoka tena baada ya sekunde kadhaa, huja tena, na mashine iliyokuwa katikati ya kuwaka hukatwa kabla haijamaliza. Hakuna mtu wa shule atakayekaa mbele ya fayawoli na kuizima kwa utaratibu. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha chombo, mbele ya kasi, ukubwa na bei, ni kama kinaweza kukatiwa umeme saa yoyote na bado kikawaka chenyewe, bila kibodi, bila skrini, bila mtu. Kila chaguo lililofuata lilipimwa kwa kipimo hicho.

Diski kuu ilianguka mapema. Programu ya smartctl ilionyesha kwamba tayari ilikuwa na sekta zilizoshindwa kusomeka na zinazosubiri kubadilishwa, kwenye mstari wa Current_Pending_Sector, na diski ya umri huo ikishaanza hivyo haifai kutegemewa. Lakini hata kama ingekuwa nzima, ningeikataa. Jurnali ya ext4 (daftari la mabadiliko katika mfumo wa mafaili wa Linux) hulinda mpangilio wa mafaili dhidi ya kukatwa katikati ya uandishi; haimlindi mtu dhidi ya uso wa diski uliochakaa. Na siku ukaguzi wa mafaili wa fsck utakapokuta hitilafu usioweza kuirekebisha wenyewe, mfumo utasimama na kuomba neno la siri la msimamizi, kwenye skrini ambayo haipo. Kwa mtu wa nje mashine hiyo inaonekana hai, feni inazunguka na taa inawaka, ila mtandao haupiti.

CD inastahili heshima zaidi kuliko inavyopewa siku hizi. Ikishachomwa haibadiliki. Umeme ukikatika hakuna cha kuharibika, na mshambuliaji akifanikiwa kuingia ndani ya mashine hawezi kuacha kitu chochote kwenye mfumo, kwa kuwa ukiwashwa upya unarudi ulivyokuwa. Devil-Linux ilijengwa kwa wazo hilohilo: mfumo mzima kwenye CD, mipangilio kwenye flopi au flashi. Udhaifu uko kwenye kiendeshi. Lenzi ya leza iliyokaa miaka mingi kwenye vumbi na unyevunyevu husoma leo na kesho isisome, na kila sasisho la usalama hudai CD mpya ichomwe na kupelekwa. Flopi yenyewe ilikuwa na enzi yake, wakati Linux Router Project na fli4l zilipoweza kuingiza ruta nzima kwenye MB 1.44, lakini kerneli (kiini cha Linux) ya leo peke yake haienei humo.

Flashi ya USB ndiyo ambayo kila mtu aliyeulizwa aliitaja kwanza, kwa sababu inauzwa kila duka la simu. Katika mashine hii ilikuwa na vizuizi viwili. Chipu ya ICH2 ina USB 1.1 pekee, yenye kasi ya juu ya megabiti 12 kwa sekunde, na BIOS ya mashine (programu ya ubao mama inayoianzisha) haijui kuwasha mfumo kutoka kwenye USB. Kizuizi cha pili kina njia ya kukizunguka: kianzishi kidogo kama Plop huwekwa kwenye flopi au CD, nacho huiita flashi. Lakini hapo vyombo viwili vinapaswa kuwa vizima kwa wakati mmoja, na kimojawapo ni kilekile kiendeshi tulichokikataa. Liko pia suala la flashi bandia zinazodai GB nyingi kuliko zilizomo. Programu ya f3 huzigundua kwa kuzijaza na kuzisoma upya, na nashauri itumike kwa kila chombo cha flashi kinachonunuliwa sokoni, kadi zikiwemo.

SSD ya SATA yenye kigeuzi cha kwenda IDE ingefaa, ila bei yake ilikaribia ya ruta ndogo mpya, jambo linaloondoa maana ya kutumia mashine ya zamani. Kuwaka kupitia mtandao kungehitaji seva nyingine inayowaka kabla ya fayawoli, na seva hiyo haikuwepo.

Ikabaki kadi ya CompactFlash. Kadi hizi, zilizoletwa na SanDisk mwaka 1994, zina hali ya kufanya kazi ambamo zinazungumza lugha ya IDE yenyewe, kwa hiyo adapta inayoziunganisha na kebo ya pini 40 haina akili yoyote ndani yake. Ni waya tu, kutoka pini hadi pini. BIOS ya mwaka 2001 huiona kadi kama diski ya kawaida na haiulizi zaidi. Hakuna kinachozunguka, hakuna lenzi, na joto ni kidogo. Mjini Bukavu kadi za GB 1 na GB 2 bado zinapatikana kwa wapiga picha wa harusi walioziacha walipohamia kamera za SD, na ukubwa huo unatosha kabisa. Adapta iliagizwa Kigali, ya aina inayofungwa nyuma ya sanduku kwenye nafasi ya kadi ya PCI, ili kadi ichomolewe bila kufungua mashine. Uamuzi huo mdogo ndio ninaoushukuru kuliko yote, na sababu yake itaonekana mbele.

Hata hivyo kadi peke yake haitatui kitu ikiwa Linux itasakinishwa juu yake kama inavyosakinishwa kwenye diski. Mfumo wa kawaida huandika kila wakati: kumbukumbu za matukio, tarehe za mafaili kusomwa, faili za muda. Seli za flashi zina idadi ya uandishi zinaoweza kuvumilia, na kadi za bei nafuu zikikatiwa umeme zinapoandika huweza kupoteza jedwali lao la ndani linalosema data iko wapi, ambapo hata faili lisiloguswa halisomeki tena. Kwa hiyo swali la chombo haliwezi kutenganishwa na swali la nani anakiandikia, na lini. Nilichagua Alpine Linux katika hali yake ya kufanya kazi bila diski: mashine inapowaka husoma kerneli na vifurushi kutoka kwenye kadi, huvifungua ndani ya RAM, na tangu hapo kadi hubaki ya kusomwa tu. Mabadiliko yote hukaa kwenye RAM hadi msimamizi aamuru `lbu commit`, amri inayoifungua kadi kwa uandishi, ikaweka faili moja lililobanwa lenye mipangilio, kisha ikaifunga tena. Uandishi huchukua sekunde chache, na hufanyika pale tu mtu anapobadilisha kitu. Nje ya sekunde hizo, umeme ukikatika haukuti chochote kikiandikwa.

Kwa kuwa mafaili ya kadi yako kwenye FAT, mfumo rahisi wa mafaili usio na jurnali, sekunde hizo chache si za kupuuzwa. Katika `/etc/lbu/lbu.conf` mpangilio wa BACKUP_LIMIT uliwekwa ili matoleo matatu ya nyuma yabaki kwenye kadi, na kila toleo jipya hunakiliwa pia nje ya mashine. Diski ya zamani iliondolewa kabisa badala ya kuachwa ndani bila kutumika, kwa kuwa Alpine inapowaka hutafuta faili la mipangilio kwenye kila chombo inachokiona, na si vizuri ikute zaidi ya kimoja.

RAM ya MB 512 inatosha, ila inapaswa kuhesabiwa. Mfumo unaoishi kwenye RAM kwa kawaida hupewa nusu yake, na kumbukumbu za matukio zisipowekewa mpaka zitaijaza polepole. Hapa zilizungushiwa kikomo kidogo, na nakala hutumwa kwa kompyuta ya ofisi ya prefe. Gharama yake isifichwe: usiku kompyuta hiyo imezimwa, na umeme ukikatika usiku kumbukumbu za saa hizo hupotea. Orodha ya anwani ambazo dnsmasq (programu inayogawa anwani za mtandao) imezigawa nayo hupotea, ingawa hilo halisumbui, kwa kuwa dnsmasq hukokotoa anwani kutokana na namba ya kadi ya mtandao ya mteja, hivyo mashine ileile kwa kawaida hurudishiwa anwani ileile, na kabla ya kutoa anwani mpya huiita kwanza kuhakikisha hakuna anayeitumia. Printa na kompyuta za ofisi zilipewa anwani za kudumu kwenye mipangilio.

Jambo lililochukua uangalifu zaidi lilikuwa betri ya CR2032 ya ubao mama, ambayo kwenye mashine iliyolala depo huwa karibu kufa au imekwisha kufa. Betri hiyo ndiyo inayoshikilia mipangilio ya BIOS na saa umeme usipokuwepo. Ikifa, kila delestaji inairudisha BIOS kwenye hali ya kiwandani. Betri mpya iliwekwa, lakini nayo itakufa siku moja, na siku hiyo fundi hatakuwepo. Kwa hiyo chombo cha kuwashia kinapaswa kuwa kile ambacho BIOS itakipata yenyewe hata ikiwa imesahau kila kitu. Kadi ya CF iliyowekwa kama diski ya kwanza kwenye kebo ya kwanza ya IDE hutimiza sharti hilo, kwa sababu ndiko BIOS ya zama hizo inakotazama yenyewe. Mpango wowote unaotegemea mpangilio maalumu wa kuwaka ungekwama palepale.

Hapa kuna jambo dogo linaloonekana tu unapoketi mbele ya mashine ukiwa umeitoa betri kwa makusudi. BIOS iliyosahau hudhani kuna kiendeshi cha flopi cha MB 1.44, na isipokikuta huandika «Floppy disk(s) fail (40)» na kusubiri mtu abonyeze F1. Ndiyo maana kiendeshi cha flopi kiliachwa ndani, kebo na umeme wake vikiwa vimechomekwa, ingawa hakuna atakayekitumia. Mpangilio wa kusimama penye hitilafu ulibadilishwa ili BIOS isisimame kwa lolote, na ule wa kuwaka yenyewe umeme unaporudi uliwashwa. Hii miwili inaishi kwenye betri ileile, na hakuna chombo cha kuwashia kitakachoikomboa. Kwa hiyo tarehe ya kuibadilisha betri iliandikwa kwa kalamu ya wino mzito ubavuni mwa sanduku. Saa nayo ilishughulikiwa: chrony (programu ya kusawazisha saa) iliruhusiwa kuirukisha mara moja inapowaka badala ya kuivuta polepole, kwa maana mashine inayodhani iko miaka mingi nyuma huvikataa vyeti vya usalama vya tovuti inazochukulia masasisho.

Adapta za bei nafuu zina tatizo moja linalojulikana: nyingi hazikuunganishiwa waya za DMA (njia ya kuhamisha data hadi RAM bila kupitia prosesa), ilhali kadi hutangaza kwamba inaiweza. Kerneli huiamini kadi, huanza kusoma kwa DMA, na usomaji hukwama hadi muda unapokwisha. Kwenye skrini hujitokeza mistari ya `ata1.00` yenye maneno «failed command: READ DMA», na kuwaka kunarefuka kupita kiasi au kunakatika. Dawa yake ni kuongeza `libata.dma=3` kwenye mstari wa kerneli, ambayo huacha DMA kwa diski na CD lakini huizima kwa kadi za CF pekee. Usomaji unakuwa wa polepole zaidi. Kwa mfumo unaosoma mara moja na kubaki kwenye RAM, upole huo haumgusi mtumiaji hata mmoja.

Kabla ya kukabidhi, mashine ilijaribiwa kwa namna moja tu yenye maana: kung'oa waya wa umeme. Iling'olewa ikiwa imetulia, ikiwa katikati ya kuwaka, ikiwa inapitisha data, na ikaachwa muda mfupi na muda mrefu kabla ya kurudishiwa. Kila mara ilirudi yenyewe. Jaribio la kuing'oa wakati wa `lbu commit` lilifanywa juu ya kadi nyingine ya majaribio, na hapo faili la mipangilio lilikutwa limekatika, kama ilivyotarajiwa. Toleo la nyuma lilirudishwa na mfumo ukawaka.

Kadi ya akiba, nakala kamili ya ile ya kwanza, imefungwa kwenye bahasha katika droo ya ekonomu, na yeye ndiye aliyefundishwa kuibadilisha. Wasiwasi wake ulikuwa wa haki. «Fundi, na nikiichomeka kichwa chini?» Nilimwonyesha mifereji ya pembeni ya kadi, ambayo mmoja ni mpana kuliko mwingine, na reli za adapta zinazoifuata. «Mama Ekonomu, ikigeuzwa inagoma. Ikigoma usiisukume, igeuze.» Kisha akafanya mwenyewe: akachomoa waya wa umeme kwanza, kwa sababu IDE haikubali kadi itolewe mashine ikiwa hai, akavuta kadi nyuma ya sanduku, akaweka nyingine, akawasha. Adapta zisizo na reli za pembeni ziepukwe hata zikiwa nusu ya bei. Pini 50 za ndani ni nyembamba, na iliyopinda hainyooshwi kwa urahisi.

Kadi hiyo ya pili ina kazi nyingine. CF haina kitufe cha kuzuia uandishi kama kilichoko kwenye SD kubwa, hivyo mtu atakayepata mamlaka ya msimamizi ndani ya fayawoli anaweza kuifungua na kuiandikia. CD inaishinda hapo, na nakubali. Kadi iliyo kwenye droo, isiyowahi kuguswa na mtandao, hutoa sehemu ya ulinzi huo: penye shaka, hali safi inajulikana ilipo. Lakini flashi isiyopewa umeme kwa miaka hupoteza chaji yake, kwa hiyo kila likizo kubwa kadi ya akiba husomwa yote na hesabu za sha256sum (alama zinazothibitisha kwamba data haijabadilika) hulinganishwa na zilizohifadhiwa, kisha huwekewa masasisho na mipangilio ya mwaka.

Udhaifu mkubwa unaobaki si wa chombo. Prosesa peke yake inaweza kula wati 60 na zaidi inapofanya kazi, na shule ikihamia kwenye betri na paneli za jua, mashine hii itakuwa mzigo wa kwanza kuondolewa. Programu za biti 32 nazo zinapungua: Debian 13, Linux ya aina nyingine iliyotoka mwaka 2025, haitoi tena kisakinishi cha i386. Tulikubaliana na prefe kwamba mashine itatumika mradi tu Alpine inaendelea kutoa masasisho ya biti 32. Yatakapokoma, ruta ndogo itanunuliwa hata kama Pentium 4 bado inawaka, na faili la mipangilio lenye sheria za nftables (za kuruhusu na kuzuia) litahamishiwa huko. Fungu la ruta hiyo limekwisha kuandikwa kwenye bajeti ya ekonomu.